Apigiwe Nani?

Wengi tunaamini familia zetu zinapatikana kwa sababu namba zao zimo kwenye simu. Zimo, ni kweli. Ila zimo kwa ajili yako wewe mwenye simu, uliye macho, unayejua kwamba "Kiboko Yao" ni kaka yako wa tumbo moja na "Usipokee" ni shemeji. Siku ya dharura simu hiyo haitakuwa mikononi mwako. Itakuwa mikononi mwa mtu asiyekujua hata jina, amepiga magoti kando yako, watu wamemzunguka kila mmoja na ushauri wake, naye anatafuta wa kumpigia. Mpango wowote wa kuhakikisha ndugu wanapatikana inabidi uandaliwe kwa ajili ya mtu huyo. Ukiuandaa kwa kujifikiria wewe mwenyewe, siku ikifika hautamsaidia yeyote.

Wazo la kumwandalia mgeni si jipya. Mwaka 2005 Bob Brotchie, mhudumu wa gari la wagonjwa mashariki mwa Uingereza, alipendekeza kila mtu ahifadhi namba ya ndugu yake chini ya herufi tatu, ICE, kifupisho cha Kiingereza cha "ikitokea dharura". Wahudumu kama yeye walikuwa wakipekua simu za majeruhi, wanakuta majina mia mbili na hawajui waanze na lipi. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalilipuka kwenye treni za chini ya ardhi na kwenye basi jijini London, na wazo hilo likasambaa nchi hadi nchi.

Kwa simu za wakati ule lilikuwa wazo zuri. Simu ya vitufe ukiiokota unabonyeza mara mbili, majina hayo hapo. Leo simu inafunguliwa kwa kidole, kwa sura au kwa nenosiri, na jina la ICE limefungiwa ndani pamoja na mengine yote. Bado nakutana na watu wanaoniambia kwa kujiamini kwamba wao wameshajipanga, wameandika ICE. Wamejipanga kwa simu waliyoitupa zamani.

Kinachofaa sasa ni ile sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka bila simu kufunguliwa. Apple waliiweka kwenye iPhone mwaka 2014, na Android ikaja nayo mwaka 2016 katika toleo la 7. Mgeni anagusa neno la dharura kwenye kioo kilichofungwa na taarifa zinatokea: jina lako, ugonjwa ulio nao, dawa zinazokudhuru, na watu wa kupigiwa, ambao anaweza kuwapigia palepale. Kwenye iPhone kuna chaguo linaloruhusu taarifa hizo zionekane simu ikiwa imefungwa. Mtu anajaza kila kitu kwa uangalifu, hadi kundi la damu, halafu chaguo hilo linabaki limezimwa na kazi yote inakuwa bure.

Kuna jaribio dogo ninalowapa watu. Funga simu yako, mpe mtu ambaye si mjuzi sana wa simu, mwambie ampate ndugu yako, kisha kaa kimya. Usimwelekeze. Utaona anavyogeuza ile simu, anavyotelezesha kidole juu na chini, anavyofungua kamera bila kutaka, anavyowasha tochi. Akishindwa akiwa ametulia kwenye kochi, barabarani atashindwa zaidi.

Na simu yenyewe inaweza kuwa imezimika au kioo kimepasuka. Kwa hiyo karatasi bado ina kazi. Kikaratasi kigumu ndani ya pochi, na kingine nyuma ya kava la simu, chenye jina lako na namba mbili. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari, kifafa au mzio wa dawa, bangili ni bora zaidi, maana mkono wa mgonjwa unashikwa kabla ya mfuko wake kupekuliwa. Shirika la MedicAlert la Marekani lilianza kwa sababu hiyohiyo mwaka 1956, miaka mitatu baada ya binti wa daktari mmoja wa California kunusurika kifo alipopewa dawa ya kukinga pepopunda isiyopatana na mwili wake.

Niliwahi kuwa kwenye foleni mzee mmoja akaanguka hatua mbili mbele yangu. Alikuwa anapumua, macho wazi, lakini hajibu. Dada mmoja alishaita gari la wagonjwa. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akatoa simu ya mzee mfukoni, akashika kidole chake akajaribu kuifungulia. Kidole kilikuwa na jasho. Ikagoma, ikagoma tena, kisha ikaanza kudai tarakimu. Tukabaki watu wazima wanne tunaitazama ile simu, tunasubiri iite. Ikaita. Jina lililotokea ni "Mbao Mpya". Tulipopokea, wa upande wa pili hakungoja salamu, akaanza kufoka kuhusu mzigo uliochelewa na hela zake. Ilibidi kijana amkatishe mara kadhaa ndipo aelewe kwamba mwenye simu yuko chini sakafuni. Akanyamaza. Kisha akasema anamjua fundi anayemjua mtoto wa mzee, tumpe muda kidogo. Familia ya yule mzee ilipata habari kupitia kwa mdai wake.

Mzee alipona, nilisikia baadaye. Lakini ile dakika ya kungoja simu ya mtu mwingine iite ndiyo iliyonifanya niwe msumbufu wa jambo hili kwa kila ninayemfahamu.

Sasa, aandikwe nani? Hapa ndipo watu wanapita haraka kuliko inavyostahili. Moyo unamtaja mume, mke, au mama. Mimi nasema aandikwe anayepokea simu. Upendo ni kitu kingine. Mama anaweza kuwa na presha na anaishi peke yake. Simu ya kwanza ikimfikia yeye, mna wagonjwa wawili. Kaka anaweza kufanya kazi mahali ambapo simu zinaachwa mlangoni hadi jioni. Na mwenza wako, ambaye kila mtu humwandika wa kwanza na mara nyingi wa pekee, ndiye mliyepanda naye gari moja. Gari hilo likipata ajali, mgeni anapiga simu inayolia kwenye kiti cha pembeni.

Kwa hiyo namba ziwe angalau mbili, na wenye namba hizo wasiwe wanalala nyumba moja. Wa kwanza awe mwepesi wa kupokea na mwenye kichwa kilichotulia. Ajue dawa unazotumia, ajue mtoto anachukuliwa shule na nani, ajue ufunguo uko wapi. Halafu mwambie kwamba umemwandika. Inashangaza ni wangapi wanajikuta ndio "mtu wa karibu" wa fulani kwa mara ya kwanza wanapopigiwa na muuguzi. Na kwenye simu muandike kwa jina na undugu: "Dada Rehema" inamsaidia mgeni, "Malkia" haimsaidii.

Fomu za kazini na shuleni nazipitia kwa haraka, maana tatizo lake ni moja tu: zilijazwa siku ya kwanza na hazijaguswa tena. Zina namba za wachumba walioachana na wazazi waliokwishafariki. Ukibadilisha laini, fomu hizo ndizo za kwanza kufuatwa, kabla ya marafiki.

Tuseme basi mgeni amefanya kila kitu sawasawa, ameipata namba, amepiga. Simu inaita kwa ndugu yako. Anaitazama, haijui namba, anaigeuza kifudifudi. Namba usiyoijua siku hizi ni ya mtu anayeuza kitu, anayedai kitu au anayetapeli, na sote tumejifunza kuziacha ziite. Hilo linahitaji makubaliano ya familia. Letu ni kwamba namba ngeni ikipiga mara mbili mfululizo, inapokelewa. Inasaidia kwamba hata simu yenyewe inaelewa mantiki hiyo: iPhone ikiwa imewekwa isisumbue, na ukiruhusu simu zinazorudiwa, mtu akipiga tena ndani ya dakika 3 anapita, kwenye simu nyingi za Android ni ndani ya dakika 15. Wale wachache unaowategemea unaweza kuwaruhusu wapite muda wote, hata usiku.

Ukipokea, kuna hatari ya upande wa pili. "Mwanao amepata ajali, yupo chumba cha upasuaji, tuma hela sasa hivi." Utapeli huu unafanya kazi kwa sababu unatumia hofu ileile tunayojaribu kuiandalia. Mwaka 2023 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilionya kwamba matapeli sasa wanaweza kuiga sauti ya ndugu kwa akili bandia, wakitumia kipande kifupi tu cha sauti kilichochukuliwa mtandaoni. Kwa hiyo sauti ya mwanao ikilia kwenye simu, hiyo pekee haitoshi. Kata, piga namba yake mwenyewe. Uliza ni hospitali gani, tafuta namba ya hospitali hiyo mwenyewe na uipige. Na muwe na neno la familia, lisiloandikwa popote, lisilo jina la mtoto wala la mbwa, ambalo mtu aliye kwenye matatizo ya kweli analitaja. Mtu wa hospitali hatalijua neno hilo, bila shaka, lakini mtu wa hospitali halisi hakasiriki ukimwambia utapiga tena kupitia mapokezi.

Na kama siku moja mpigaji ni wewe, unampigia ndugu wa mtu usiyemjua, anza na yale anayoyahitaji: mtu wake ni hai, yuko mahali gani, anapelekwa wapi. Jina lako na jinsi ulivyokuwa unapita njia hiyo vitafuata. Watu wengi huanza na "samahani, mimi hunijui, ila kuna jambo limetokea," na ile pumzi kati ya maneno hayo na habari yenyewe humtesa mtu bure.

Hadi hapa nimezungumzia dharura ya mtu mmoja. Dharura ya watu wengi, kama tetemeko, mafuriko, moto mkubwa au vurugu, ina tabia yake. Kila mtu anapiga kwa wakati mmoja na mtandao unajaa. Simu ya sauti inahitaji nafasi yake kati yako na mnara kwa muda wote mnaoongea, na nafasi zikiisha inakataa. Ujumbe mfupi wa maandishi unahitaji nafasi ndogo mno, na usipomfikia mtu unangoja kwenye mitambo ya kampuni ya simu ukijaribiwa tena na tena. Ndiyo maana ujumbe wa maneno manne, "Mzima. Niko kwa jirani," hufika wakati simu kumi zimekatika. Kupiga mara ishirini mfululizo kunamaliza chaji yako na kumzibia njia anayeita zimamoto.

Jambo la pili ni kwamba mtandao unaojaa ni wa pale penye tukio. Majirani wawili waliotengwa na barabara moja wanaweza kushindwa kusikilizana wakati kila mmoja wao anampata ndugu aliye mamia ya kilomita kutoka hapo. Basi familia iwe na mtu mmoja wa mbali aliyekubaliwa kuwa kituo. Kila mtu anamtumia yeye ujumbe, naye anawaunganisha: baba ameshajibu, mdogo bado, shangazi yuko shuleni na watoto. Achaguliwe mtu wa kuandika mambo chini. Kila ukoo una mmoja, yule anayejua nani alichanga nini tangu harusi ya kwanza.

Wajapani waliligeuza jambo hili kuwa huduma ya umma. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, lililofuatwa na msongamano mkubwa wa simu, kampuni ya simu ya NTT ilianzisha mwaka 1998 namba 171. Aliye kwenye maafa anapiga, anaingiza namba ya simu ya nyumbani na kurekodi ujumbe wa sauti. Ndugu aliye popote anaingiza namba ileile na kuusikiliza. Ninachokipenda zaidi ni kwamba tarehe 1 na 15 ya kila mwezi huduma inafunguliwa kwa majaribio, ili bibi na wajukuu wajizoeze kabla ya siku yenyewe. Yaani mtu alikaa akafikiria kwamba chombo cha dharura kisichowahi kuguswa kitamshinda mtu mwenye mikono inayotetemeka.

Wapo watakaosema: sisi tuna kundi la familia kwenye WhatsApp. Ni vizuri, liendelee. Ila tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita dunia nzima, na siku hiyo hakukuwa na tetemeko wala vita, yalikuwa makosa ya kiufundi ya ndani ya kampuni. Familia iliyokuwa na kundi tu bila namba zilizoandikwa mahali pengine ilikaa kimya mpaka huduma iliporudi. Kundi pia lina kasoro nyingine: ujumbe wa dharura unaingia katikati ya picha za asubuhi njema na dua, na nusu ya wanaukoo wameshalinyamazisha.

Kwa aliye safarini nitasema mawili. Hifadhi namba zote zikianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, maana namba inayoanza na sifuri inaeleweka nyumbani tu. Ugenini ukiibonyeza haiendi popote, au inaenda kwa mtu mwingine kabisa. Na ukikamatwa katika nchi ya watu, Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, kifungu cha 36, unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe bila kuchelewa. Lazima uombe. Ubalozi ukishajua, unaweza kuwafikia ndugu zako, lakini utahitaji namba yao, na wakati huo simu yako ipo kwenye bahasha ya polisi.

Hapo ndipo kichwa kinapohitajika. Hatukariri tena namba. Watoto wanajua nenosiri la intaneti ya nyumbani na hawajui namba ya mama yao. Dawa yake ni rahisi na ya kuchosha: mtoto afundishwe namba moja, kwa wimbo, kwa kurudia njiani kwenda shule, mpaka aweze kuitaja ukimwamsha usingizini. Moja inatosha. Mtu mzima awe nazo mbili. Usizibonyeze kutoka kwenye orodha. Kwa mwezi mmoja zipige kwa kuandika tarakimu zote, kidole kitazishika chenyewe.

Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa linafanya kazi hii kabla ya simu kuingia majumbani. Kwenye vita vya Ufaransa na Prussia, mwaka 1870, lilifungua ofisi jijini Basel ya kuwaunganisha wafungwa na familia zao. Katika Vita Kuu ya Kwanza ofisi yake ya Geneva ilijaza kadi zipatazo milioni 7 za majina, na katika ile ya pili raia waliotenganishwa na mipaka ya vita walituma fomu zenye maneno yasiyozidi 25, za habari za kifamilia tu, na jibu likiandikwa nyuma ya karatasi ileile. Huduma hiyo ya kutafuta ndugu waliopotezana ipo hadi leo, na fomu zake zinauliza jina kamili, jina la baba, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Nikifikiria hivyo huwa nawauliza watu kama wanajua majina kamili ya watu wanaowaita Mama Fulani na Babu miaka yote. Wengi hawayajui.

Ugumu wa mwisho ni kuanzisha mazungumzo yenyewe. Nilipomwendea shangazi na karatasi yangu akaniambia nisimletee uchuro nyumbani kwake. Nikaiacha hoja ya kuugua. Nikamuuliza: shangazi, simu yako ikiibiwa leo, utaazima ya jirani umpigie nani? Akaanza kutaja namba ya mwanawe mkubwa, akakwama kwenye tarakimu ya saba. Akacheka, akavuta kiti.

Tulipofika kwenye nani awe wa kwanza, hakumtaja mtoto wake hata mmoja. Alimtaja jirani, mama anayeuza kwenye duka la kona, mwenye ufunguo wa akiba wa nyumba. Watoto walifuata wa pili na wa tatu. Binamu yangu mkubwa alipoiona ile karatasi alinuna, akauliza tangu lini jirani akawa wa kwanza. Shangazi akamwambia atoe simu yake, ahesabu alizompigia wiki ile na alizopokea. Hakuhesabu. Aliomba apewe namba ya jirani, na hapo ikajulikana kwamba kati ya watoto wote hakuna aliyekuwa nayo. Waliihifadhi jioni ileile, na jirani naye akahifadhi zao, moja moja, huku akiuliza kila mmoja anaishi wapi na simu yake huzimwa saa ngapi.